Bendi ya panki Mtwara: maswali yenu, majibu yangu

Wiki mbili zilizopita niliandika, kwa kupita tu, kwamba niliwahi kupiga drams kwenye bendi ya panki hapa Mtwara mjini. Sikujua ningeulizwa hivi. Nimeyachukua maswali sita. Jina la bendi msiniulize tena: mpiga besi anasema ni lake, mwimbaji anasema ni lake, na mimi sitaki kesi.

*Panki mimi naijua kinyozi. Au mlikuwa mnanyoa watu huku mnaimba? (Msomaji, Masasi)*

Kiduku, ule unyoaji mnaouita panki, kilikuja na muziki, kikabaki kwa vinyozi, muziki wenyewe ukasahaulika. Panki ni roki iliyovuliwa mapambo. Ramones, vijana wa Queens kule New York, walianza mwaka 1974, na albamu yao ya kwanza ya 1976 ina nyimbo 14 zinazokwisha kabla nusu saa haijatimia. Kodi tatu za gitaa, mbio, maneno machache, basi. Afrika Kusini nako kulikuwa na National Wake, weusi na weupe jukwaa moja wakati ubaguzi wa rangi ukiwa sheria.

Sisi wa Kusini haikutushangaza sana. Mtu aliyekulia kwenye vigodoro, akasikia singeli inavyokimbia, ukimpigia panki anauliza tu kwa nini mnakwenda polepole. Aliniuliza hivyo dada mmoja pale Magomeni, na hakuwa anatania.

*Vyombo mlivitoa wapi? (Msomaji, Chuno)*

Gitaa moja la kuazima, besi ya mkopo, na seti ya drams niliyouziwa na mzee aliyewahi kupiga muziki wa dansi. Sahani ya kugonga ilikuwa na ufa. Springi ya pedali ya dramu kubwa ilikatika wiki ya kwanza, nikafunga mpira wa ndani wa baiskeli, ukafanya kazi hadi mwisho.

Dramu ndogo ndiyo ilitutesa. Ngozi yake ya plastiki ilipochanika, dukani haikuwepo, na ya kuagiza Dar pesa hatukuwa nayo. Nikampelekea fundi wa ngoma za sindimba kule Mikindani. Akaigeuza, akaigonga kwa ukucha, akacheka, kisha akaivika ngozi ya mbuzi. Ikalia vizuri kuliko ile ya kiwandani, ila mvua zikianza, unyevu ukiingia, inalia kama ndoo. Kwa hiyo kabla ya mazoezi tunawasha makuti nje, naipasha moto huku naizungusha, mpaka ikigongwa inajibu. Majirani wakiona moto na ngoma wanadhani kuna unyago. Kina mama wawili watatu walikuja kweli, na vigelegele vyao, wakatukuta sisi wanne tunapiga kelele. Walikaa. Mmoja alirudi hata wiki iliyofuata.

*Mlikuwa mnalipwa? (Msomaji, Newala)*

Msimu wa korosho wa 2017, ndiyo. Ule ndio msimu zilivunwa zaidi ya tani 300,000 nchi nzima, bei mnadani ikapanda, na Kusini kila mtu akawa na sherehe. Watu walikodi hadi bendi wasiyoielewa. Tandahimba tulipigia harusi nyimbo tisa kwa dakika ishirini, baba wa bwana harusi akatuambia tuanze tena kwa sababu pilau lilikuwa halijaiva. Mpiga besi akanunua amplifaya kwa pesa za korosho za kwao. Hapo tulijiona tumefika.

Msimu wa 2018 wanunuzi na wakulima hawakuelewana bei, Serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wengi wakasubiri malipo miezi. Sherehe zikaisha. Simu yangu ikawa kimya kama ya mtu anayedaiwa.

*Ni kweli mliachana kwa sababu ya mwanamke? (Wengi, na mmoja ni shemeji yangu)*

Hapana. Wala ugomvi peke yake hauui bendi. Joey na Johnny wa Ramones walikaa miaka mingi hawasemeshani, na bado walipanda jukwaa moja mpaka 1996. Sex Pistols wa London, wao walianza 1975 na Januari 1978 wakamalizana kule San Francisco. Kila bendi na lake.

Letu lilikuwa daftari la pesa za bendi, na daftari nilishika mimi. Pesa zilipokuwepo hakuna aliyeliomba. Zilipokauka, mpiga besi akalifungua siku ya mazoezi, akiwa amekaa juu ya amplifaya yake. Akakuta kila mazoezi nimeandika "nauli, 5,000". Mara kumi na moja. Mimi nilikuwa natoka Mikindani na seti nzima kwenye bajaji, wenzangu wanakuja kwa miguu, nikaona ni haki. Ila sikuwaambia. Akatoa simu, akajumlisha mbele yetu: 55,000. Hakugomba. Alichomoa waya wa amplifaya, akauzungusha mkononi taratibu kama anakunja kamba ya mbuzi, akaondoka. Mwimbaji alikuwa keshaanza kuitwa peke yake kushehereshea harusi, naye hakurudi.

Nimewasikia watu wakilaumu korosho. Mimi nimelaumu korosho pia, miaka kadhaa.

*Nyimbo ni za nani sasa? (Msomaji, Lindi)*

Za waliozitunga, hata bendi ikifa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mkitunga pamoja, hesabu inaanzia kifo cha wa mwisho. Kwa hiyo andikeni nani katunga nini mkiwa bado mnacheka. Na daftari ashike mtu asiyetumia bajaji.

*Mwanangu wa kidato cha nne anataka kuanzisha bendi, nimkataze? Na nyie mtarudi lini? (Mama, Ligula)*

Shikamoo mama. Usimkataze, mpangie siku. Mtihani ukiisha Novemba ana miezi ya kupiga kelele.

Kuhusu sisi: amplifaya iko Tandahimba, inatangaza bei ya dagaa dukani. Dramu kubwa iko kwangu, kuku anatagia humo. Mwezi uliopita tulikutana msibani, mimi na mpiga besi, tukabeba benchi moja, yeye mbele mimi nyuma. Tulipoliweka chini akajifuta jasho, akaniuliza, "Ile hamsini na tano ipo?" Nikacheka. Yeye hakucheka.