Kwa nini Thaddeus Stevens alizikwa pale

Mkuu umeuliza kwa nini mbunge mzito wa Marekani kama Thaddeus Stevens alizikwa kwenye makaburi madogo pale Lancaster, Pennsylvania. Alitaka mwenyewe. Makaburi mengine mjini yalikuwa yanakataa watu weusi, jamaa akasema huko hazikwi, akaacha na maneno yachongwe kwenye jiwe kwamba amepachagua hapo ili hata akiwa amekufa aoneshe alichokipigania, usawa wa binadamu mbele ya Muumba wake. Hiyo ni Agosti 1868.

Alizaliwa Vermont 1792, familia maskini, mguu umepinda tangu kuzaliwa, baba akawatelekeza, mama ndo akahangaika mpaka kijana akasoma. Uwakili alianzia Gettysburg, na hapa wengi huwa wanaparuka: 1821 alimtetea mwenye watumwa dhidi ya mama mmoja anaitwa Charity Butler aliyekuwa anadai uhuru wake na wa watoto wake, na akashinda, wale wakabaki watumwa. Inauma kuisoma. Baadaye ndo akageuka kabisa, akawa anatetea mahakamani watumwa waliotoroka.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipokuja, kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, 1863 jeshi la Kusini likamchomea kiwanda chake cha chuma cha Caledonia ila hakulegea, akasukuma marekebisho ya katiba, la 13 lililofuta utumwa na la 14 lililowapa waliotoka utumwani uraia na usawa wa kisheria, mpaka yakapita bungeni. Alichokwama ni ardhi, alitaka mashamba ya matajiri wa Kusini yachukuliwe, kila familia iliyotoka utumwani ipewe ekari 40, wabunge wenzake wakagoma, na mimi naona hapo ndo waliwaangusha wale watu vibaya sana.