Kabla ya kuziba tundu: ushauri kwa anayeanza kuzunguka Kisiwa cha Hawaii kwa baiskeli

Mtu anayejiandaa kukizunguka Kisiwa cha Hawaii kwa baiskeli kwa mara ya kwanza huulizia zaidi habari za milima, na ana haki ya kuuliza, kwa sababu Mauna Kea ina urefu wa mita 4,207 na Mauna Loa imepungukiwa na mita zisizofika 50 tu kuifikia. Hata hivyo barabara kuu inayokizunguka kisiwa, yenye urefu wa karibu kilomita 360, haipandi vilele hivyo bali hupita mabegani mwake. Katika mizunguko miwili niliyoifanya, milima ilinichosha, lakini kilichonichelewesha kilikuwa pancha. Nilizipata saba katika mzunguko wa kwanza na moja tu katika wa pili, ingawa matairi yalikuwa ya aina ileile. Nilichobadilisha ni kimoja: sikuziba tena tundu kabla ya kukijua kilicholitoboa.

Mgeni hudhani kwamba adui wake ni lava. Lava iliyoganda kwa vipande vyenye makali, ambayo Wahawaii huiita ‘a‘a, jina ambalo wanajiolojia wa dunia nzima wameliazima, hukata mpira kama kisu, lakini imelala kando ya barabara, nawe hukutani nayo usipoiacha lami. Juu ya lami, mambo hutegemea upande wa kisiwa ulipo. Upande wa Kona, ulio magharibi mwa kisiwa, na pwani ya Kohala ya kusini ni mkavu, kwa kuwa milima huyazuia mawingu yanayoletwa na upepo wa kaskazini-mashariki, na huko ndiko unakostawi mti uitwao kiawe, ndugu wa karibu wa ule mathenge unaowasumbua wafugaji wa maeneo makavu ya Kenya. Miiba yake ni mirefu na migumu. Barabara Kuu ya Queen Ka‘ahumanu, inayokatiza nyika ya lava nyeusi, ina ukingo mpana unaomfaa mwendesha baiskeli, ila ukingo huohuo ndio unaopokea takataka zote zinazosukumwa na magari: miiba, vigae vya chupa, na nyaya ndogo za chuma zinazobaki tairi la lori linapopasuka. Nyaya hizo ni nyembamba kama unywele, na kwa maoni yangu ndizo mbaya kuliko vyote, maana mwiba angalau huonekana.

Upande wa Hilo, ulio mashariki mwa kisiwa, ni kinyume kabisa. Mvua ya huko hupita milimita 3,000 kwa mwaka, nayo huteremsha kokoto na chembe za mawe hadi barabarani. Tairi lililolowa hunasa vipande vyenye ncha na kuvikandamiza kila linapozunguka, huku maji yakilainisha njia ya kupenya ndani ya mpira. Ukipita kwenye dimbwi au mchanga uliokusanyika, simama baada ya mita mia moja hivi na upanguse matairi yote mawili kwa kiganja chenye glavu. Ni kazi ya nusu dakika.

Pancha tatu kati ya zile saba zilitokana na mwiba mmoja. Nilikuwa kwenye barabara hiyo ya Queen Ka‘ahumanu, saa saba mchana, jua likichoma kutoka juu na lava nyeusi ikirudisha joto kutoka chini, bila mti wa kujikinga. Tairi la nyuma likaisha upepo. Kwa haraka ya kutafuta kivuli nilitoa tyubu, nikaweka mpya, nikajaza upepo na kuondoka. Baada ya kilomita mbili hivi, tairi likalala tena. Safari hii nilipitisha kidole ndani ya tairi mara moja, sikuhisi kitu, nikabandika kiraka na kuendelea, wala sikufika mbali. Mara ya tatu niliketi chini, nikalipindua tairi ndani-nje na kulikunja kwa vidole, sentimita moja baada ya nyingine, na hapo ndipo nilipokiona: kijincha cha mwiba kilichokatikia ndani ya mpira, cheusi kama tairi lenyewe, kikichomoza kiasi cha nusu milimita pale tu mpira ulipokunjwa. Tairi likiwa limelegea mkononi, kilijificha; likibebeshwa uzito wa mtu na mizigo, kilitokeza na kuchoma. Kucha hazikutosha kukitoa. Nilikingoa kwa koleo ndogo niliyoazima kwa mwendesha baiskeli mwingine aliyesimama kunisaidia, na tangu siku hiyo koleo ya namna hiyo haikosi katika mfuko wangu wa vifaa.

Utafutaji huo unakuwa mwepesi ukiutayarisha nyumbani. Vika tairi ukihakikisha kwamba maandishi yake makubwa yamekaa palepale penye valvu. Pancha ikitokea, toa tyubu, ijaze upepo hadi ivimbe, ipitishe polepole karibu na midomo yako, ambayo huhisi hata mvujo mdogo, kisha pima umbali kutoka kwenye valvu hadi kwenye tundu. Umbali huohuo kutoka kwenye maandishi ya tairi ndipo mahali pa kukagua, na kama hukumbuki tyubu ilivyokuwa imelala, kagua pande zote mbili. Tundu moja upande wa nje wa tyubu humaanisha kwamba kitu kimeingia kutoka barabarani. Matundu mawili madogo yaliyo sambamba, mfano wa alama za meno ya nyoka, huonyesha kwamba tyubu ilibanwa kati ya rimu na jiwe au ukingo wa shimo. Hapo usipoteze muda kutafuta mwiba, kwani kosa lilikuwa upungufu wa upepo. Tundu likiwa upande wa ndani unaoelekea kwenye rimu, angalia utepe wa rimu, maana huenda umesogea na kuacha kitundu cha spoki wazi. Mpasuko kwenye shina la valvu mara nyingi hauzibiki, na husababishwa na kupampu kwa fujo huku valvu ikiyumbishwa huku na huku.

Kuhusu upepo wenyewe, nikiwa na mizigo ya kilo 15 na matairi ya milimita 35, mimi huweka PSI (kipimo cha shinikizo la upepo ndani ya tairi) 65 nyuma na 55 mbele. Hizo si amri. Kikomo cha tairi lako kimeandikwa ubavuni mwake, na uzito wako si wangu. Neno langu ni kwamba upime kila asubuhi kwa kipimo, wala si kwa kidole gumba.

Kuziba ni kazi rahisi inayoharibiwa na papara. Sugua kwa msasa hadi mng'ao wa mpira upotee katika eneo kubwa kidogo kuliko kiraka, na kama tundu liko karibu na ule mstari ulioinuka kwenye tyubu, usawazishe kabisa, kwani kiraka hakishiki juu ya tuta. Paka gundi kwa wepesi kisha subiri dakika tano au zaidi. Ikiwa bado inang'aa kwa umajimaji, haijawa tayari. Gundi hiyo huufunga mpira kwa mpira kwa kemia iliyo jamaa na ile ya kuvulkanisha, yaani kuuimarisha mpira kwa salfa na joto, ambayo Charles Goodyear aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1844. Neno hilo na neno volkano yametoka kwa Vulcan, mungu wa moto wa Warumi, jambo nililolikumbuka nikiwa nimechuchumaa juu ya Kilauea, volkano hai ya kisiwa hicho, nikisubiri gundi ikauke, na halikunichekesha hata kidogo. Mvua ikinyesha, usijaribu kuziba kabisa, kwa sababu gundi haishiki tyubu yenye unyevu. Badili tyubu, ile iliyotoboka ihifadhi, uizibe usiku mahali pakavu.

Mpasuko wa ubavu wa tairi ni jambo jingine, na hapo ndipo lava huingia kweli. Barabara ya Chain of Craters, katika hifadhi ya taifa iliyoko Kilauea, hushuka zaidi ya mita 1,000 kwa mwendo wa karibu kilomita 30 hadi baharini na kuishia hapo, kwani lava imeufunika mwendelezo wake. Anayeshuka lazima apande alikotoka, na njiani hakuna maji wala duka. Huko chini nililisukuma gurudumu nje ya lami ili niegeshe baiskeli, ncha ya mwamba ikachana ubavu wa tairi kwa urefu wa sentimita moja, na tyubu ikaanza kutokeza kama puto. Kiraka cha tyubu hakisaidii hapo. Kinachohitajika ni kitu kisichotanuka cha kuweka kati ya tairi na tyubu. Nilikunja noti ya dola moja mara tatu, nikaiweka mahali pa mpasuko, nikajaza upepo mdogo kuliko kawaida na kupanda polepole. Noti za Marekani hutengenezwa kwa pamba na kitani badala ya karatasi ya kawaida, hivyo ile noti ilinifikisha juu, ikiwa imechakaa lakini haijatoboka. Kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa kabla ya safari kinafaa zaidi.

Mteremko wa kutoka Kilauea hadi Hilo, wa kilomita 45 hivi na mita 1,200 za kushuka, una hatari yake, kwa sababu mwendo ni mkubwa na pancha ya mbele hulegeza usukani ghafla. Usikamate breki ya mbele. Sogeza uzito nyuma, tumia breki ya nyuma kwa upole, na uache baiskeli iende moja kwa moja hadi isimame, hata kama utapita mahali ulipokusudia.

Kati ya Kailua-Kona na Kilauea kwa njia ya kusini kuna zaidi ya kilomita 150, nami nisingemshauri mtu aingie kipande hicho akiwa na tyubu ya akiba moja. Chukua mbili, pamoja na viraka. Kama baiskeli ni ya kukodi, hakiki kwamba pampu yako inaingia kwenye valvu zake, kwani zipo nene kama za gari na zipo nyembamba. Ile mitungi midogo ya gesi ya kujazia tairi kwa kawaida hairuhusiwi ndani ya ndege, kwa hiyo tegemea pampu ya mkono. Usiku, tyubu niliyoiziba huijaza upepo kidogo na kuiacha kando ya godoro. Ikiwa asubuhi bado imevimba vilevile, huikunja na kuirudisha kwenye akiba, na ikiwa imelegea, huitumbukiza kwenye beseni la maji kutafuta povu kabla hata ya kunywa chai.