Kutanua gari: rimu au mikono mirefu?

Salaam ndugu. Umeuliza utanue gari lako kwa rimu zinazotokeza nje au kwa mikono mirefu ya sasipensheni (vyuma vinavyoshikilia gurudumu kwenye gari), maana linakulalia ubavu ukienda Marafa.

Anza na beringi za magurudumu. Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, tengeneza hapo kwanza.

Rimu ni rahisi: kila upande ukitokeza milimita 25, gari limepanuka 50. Lakini beringi inabeba mzigo ulio mbali nayo, na usukani unaanza kuvuta. Mimi niliziweka, kwenye mchanga wa Mambrui kila shimo lilinipokonya usukani, na nikikata kona hadi mwisho tairi lilikwaruza madigadi mpaka rangi ikatoka.

Mikono mirefu inasogeza habu yenyewe (kitovu ambapo gurudumu hufungwa), kwa hiyo usukani haubadiliki sana. Ila usinunue mikono peke yake! Utahitaji shafti ndefu (zinazozungusha magurudumu), tairodi ndefu (fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu), na kupanga magurudumu upya. Springi nazo zitalegea, kwani mkono mrefu unazikandamiza zaidi.

Chungulia chini kabla hujatoa pesa: kama mbele kuna ekseli moja nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili, mikono haitatanua kitu. Tuambie ni gari gani.