Ndege ya Nyuzi za Kaboni: Nilichomjibu Shangazi Kabla Hajasafiri

Juni 2023, siku chache baada ya Titan, chombo cha kuzamia kilichokuwa kikiwapeleka watu kuitazama meli ya Titanic iliyozama, kupondeka baharini na watu watano ndani yake, shangazi alinipigia simu usiku. Wiki iliyofuata alikuwa na safari, na ndege aliyokatiwa tiketi ilikuwa Boeing 787.

"Mwanangu, nasikia kile chombo kilitengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Na hii ndege nayo ni hizo hizo. Nipande, nisipande?"

Nimefanya kazi kwenye karakana za ndege miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa nikikagua na kurekebisha bodi, yaani viwiliwili vya ndege, za kompositi: nyuzi kama hizo za kaboni zilizoshikwa na resini, gundi inayoganda ikawa ngumu. Swali lake lilinigusa, kwa sababu tangu usiku ule nimeulizwa na watu wengi. Nayaandika hapa niliyomwambia, pamoja na mengine ambayo simu ya usiku haikuyatosha.

Kwanza tuitoe Titan kwenye hesabu. Nyuzi za kaboni zina nguvu ya ajabu zikivutwa, kama kamba. Zikigandamizwa, uwezo wake hupungua. Chombo kinachozama hubanwa kutoka nje, na kule ilikolala Titanic, kiasi cha mita 3,800 chini, mbano huo ni mara mamia ya mgandamizo wa hewa tunayoishi nayo. Ndege ikiwa angani mambo ni kinyume: hewa ya ndani ndiyo inayosukuma kuta kwenda nje, na kwa tofauti ambayo haifiki hata mara moja ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Isitoshe, Titan haikuwa na cheti cha taasisi yoyote huru. Ndege ya abiria haiwezi kubeba mtu bila cheti. Mwezi Machi 2010 Boeing walilipinda bawa la 787 likiwa karakanani, kwa mzigo wa mara moja na nusu ya ule mzito kuliko yote unaotarajiwa ndege ikiwa kazini, na ncha yake ikapanda juu karibu mita 7.6. Kwa hiyo ukikaa dirishani ukaona bawa linainuka na kushuka kwenye mawingu, usishtuke. Limeundwa lipinde.

Hayo nilimwambia, akatulia kidogo. Lakini sikumwambia kwamba hakuna lolote la kujadili. Lingekuwa jibu la kumnyamazisha tu, naye alistahili zaidi ya hilo.

Mjadala huu una umri. Tarehe 12 Novemba 2001 Airbus A300-600 ya American Airlines ilianguka Queens, New York, baada ya mkia wake wa wima kung'oka. Walikufa watu 265. Mkia ule ulikuwa wa kompositi, na wengi waliihukumu kaboni kabla uchunguzi haujaanza. Wachunguzi wa NTSB, taasisi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, walikuta jambo jingine: rubani msaidizi alikanyaga pedali za usukani wa mkia kulia na kushoto kwa nguvu kupita kiasi, na mkia ukabeba mzigo mkubwa kuliko ule wa juu kabisa uliosanifiwa kuubeba. Mwaka 2007, kabla 787 haijaruka hata mara moja, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Boeing alijitokeza hadharani akasema bodi yake ingeweza kuvunjika vibaya na kutoa moshi wa sumu katika ajali ambayo watu wangeweza kupona. Boeing walikanusha. Mwaka 2011 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti iliyotaja wasiwasi wa aina nne: uchache wa taarifa kuhusu tabia za kompositi ndege ikishakaa kazini, tabia zake za kipekee, ukosefu wa viwango vya pamoja vya matengenezo, na mafunzo ya watu wanaozigusa.

Hilo la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote, kwa sababu nimeliona kwa macho.

Alumini ukiigonga, hubonyea. Kila mtu anaona kibonyeo na kila mtu anajua ndege imegongwa. Alumini ina maradhi yake, kutu na uchovu wa chuma, na mwaka 1988 yaliipasua paa Boeing 737 ya Aloha Airlines angani na mhudumu mmoja akafa. Kompositi haishikwi na kutu, na huvumilia uchovu vizuri sana. Tatizo lake ni pigo. Ni tabaka juu ya tabaka la nyuzi zilizoshikwa na resini, na likigongwa na kitu butu ngozi ya nje inaweza kurudi mahali pake ikabaki laini kabisa, huku ndani tabaka zimeachana na mbavu zimepasuka. Ukipitisha kiganja huhisi kitu.

Kisa hiki nacho nilimsimulia shangazi. Asubuhi moja kijana wa mizigo alikuja kwetu karakanani, jasho linamtoka. Alikuwa akiisogeza gari ya mkanda wa mizigo kwenye mlango wa nyuma wa ndege, breki ikachelewa, na mpira wa mbele ukaigusa bodi. Mwenzake alishaifuta kwa kitambaa akamwambia hapana alama, tuendelee, abiria wanapanda. Yeye akaja.

Tulienda kutazama. Kwa kweli hapakuwa na alama. Tukagonga kwa nyundo ndogo, njia ya zamani: mahali pazima hulia kwa sauti kali, palipoachana hujibu kwa sauti butu. Bodi nene kama ile huweza kuificha hata sauti, kwa hiyo tukaleta mashine ya mawimbi ya sauti. Kwenye kioo chake lilitokea doa lenye ukubwa wa sahani. Tabaka zilikuwa zimeachana.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza kama kompositi ni salama, nami humuuliza kama watu wa kiwanja kile wanaruhusiwa kusema "nimegonga" bila kuogopa mshahara wao. Hata malalamiko ya Sam Salehpour, mhandisi wa Boeing aliyetoa ushahidi mbele ya Seneti ya Marekani Aprili 2024, hayakuwa ya kuilaumu kaboni. Yalihusu mianya kwenye maungio ya bodi za 787, na namna alivyosema alitendewa alipoyasema. Boeing walisema ndege hiyo ni imara. Lakini msomaji angalia mzizi wa ugomvi: ni mikono iliyounganisha na sikio lililosikiliza.

Kuhusu moto nina neno fupi zaidi. Tarehe 2 Januari 2024 Airbus A350 ya Japan Airlines, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wa muundo wake ni kompositi, iligongana na ndege ya walinzi wa pwani kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo. Watu watano kati ya sita wa ndege ndogo walikufa. Wote 379 wa ndege kubwa walitoka hai, ingawa ndege yenyewe iliteketea kwa saa kadhaa. Ajali moja haithibitishi kila kitu, na mimi siitumii hivyo. Walitoka pia kwa sababu wahudumu walijua kazi yao na abiria waliacha mizigo yao. Wewe nawe acha begi. Ukishashuka kwenye telezi la dharura nenda mbali, upande unakotoka upepo, usisimame kupiga picha, kwa maana moshi wa kompositi inayoungua hubeba sumu na vipande vidogo vya nyuzi visivyofaa kuingia mapafuni. Wazimamoto wenyewe huusogelea wakiwa na vifaa vya kupumulia.

Na kama unafanya kazi chini ya ndege, iwe lori la chakula, ngazi, mafuta au mizigo, ushauri wangu kwako ni mkali zaidi. Usipime pigo kwa jicho. Usilifute. Hata kama ni mpira umegusa tu, simamisha, mwite fundi, mwonyeshe mahali penyewe na umweleze ulikuwa unakwenda kwa kasi gani. Akikuta hapana kitu, hujampotezea muda. Hiyo ndiyo kazi yake. Na wewe msimamizi, mtu akija kukwambia, neno lako la kwanza litaamua kama wa pili atakuja.

Shangazi alisafiri. Alipofika alinipigia tena, nikadhani ataniuliza habari za mabawa. Aliniuliza yule kijana wa mizigo, walimfukuza?

Hapana, shangazi. Ndege ilikaa chini siku nne, ratiba ikavurugika, na msimamizi wake alimshukuru kwa jina mbele yetu sote kwenye kikao cha asubuhi. Yule mwenzake aliyeshika kitambaa alikuwa amesimama nyuma yangu. Miezi miwili baadaye alikuja karakanani peke yake, akasema ngazi imegusa mlango.