Re: Julai nampeleka mama Cape Town siku nne, hali ya hewa ikoje?

Dada, kama likizo inasogezeka, sogeza mpaka mwisho wa Machi au Aprili mwanzoni. Wengi wanadhani ni kama Johannesburg ambako mvua inanyesha kipindi cha joto, ila Cape Town ni kinyume kabisa, mvua inakuja na baridi, Juni mpaka Agosti, mchana nyuzi 17 hivi usiku inashuka hadi 7 au 8, na nyumba nyingi hazina hita kwa hiyo mama atasikia baridi hata ndani, uliza hita kabla hujalipia.

Desemba na Januari jua lipo mpaka saa mbili usiku lakini bei zinapaa, na upepo wa kusini-mashariki ukiamka kebo (lile gari la waya linalopandisha watu mlima Table Mountain) inafungwa. Machi upepo unaanza kutulia.

Ikibidi iwe Julai nenda tu, ila angalia kwanza tovuti ya kebo maana matengenezo ya mwaka huwa yanaangukia Julai au Agosti. Siku ya kwanza tu yenye anga safi pandeni mlima, usiseme kesho. Robben Island pia, kile kisiwa alichofungwa Mandela, bahari ikichafuka boti haziendi, so usiiweke siku ya mwisho.

Kuogelea sahau, ufukwe wa Camps Bay maji ni ya baridi hata Januari, mtu wa Dar hawezi, bora ufukwe wa Muizenberg kipindi cha joto. Lakini Julai nyangumi wameshaanza kufika Hermanus, mji wa pwani nje ya Cape Town, mama anawaona akiwa nchi kavu kabisa. Mbebee koti la mvua, mwavuli upepo utaugeuza.