Paa la bati na joto la darasani

SWALI: Ndugu Mhariri, kamati yetu inajenga shule ya msingi yenye paa la bati. Je, dari pekee itatosha kuzuia joto?

JIBU: Dari husaidia, lakini pasipo njia ya hewa juu yake, joto la bati litawafikia watoto tu. Katika shule ya msingi ya Gando, nchini Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, msanifu majengo Diébédo Francis Kéré aliliinua paa la bati juu ya dari ya matofali yenye nafasi za kupitishia hewa, hivyo hewa ya moto hupanda na kutoka, huku nyingine ikiingia madirishani. Nawasihi pia muweke madirisha katika kuta zinazokabiliana, tena yaanzie chini kiasi cha kumfikishia upepo mtoto wa darasa la kwanza akiwa ameketi.