Nianzie wapi kujifunza utafiti wa bakteria wanaoishi ndani ya wadudu?

Swali: Nimemaliza shahada ya kwanza ya biolojia hapa Tanzania. Nataka kujifunza utafiti wa bakteria wanaoishi ndani ya wadudu, ila chuoni hatukuwahi kugusa mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA mara nyingi ili ionekane. Nafasi zipo huku kwetu, au mpaka Ulaya?

Jibu: Zipo, tena karibu. Taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe ya Nairobi, aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ina mpango wa ARPPIS kwa uzamivu, na DRIP kwa wanafunzi waliosajiliwa vyuoni wanaokwenda kufanyia utafiti wao pale. Masharti na ufadhili hubadilika, kwa hiyo soma kila tangazo lenyewe.

Lakini kabla ya tangazo, chagua mdudu. Mimi ningekushauri mbung'o. Chakula chake ni damu tu, na damu haimtoshelezi vitamini B. Anayemtengenezea ni bakteria aitwaye Wigglesworthia, anayekaa kwenye seli maalumu za utumbo. Jike akipewa antibayotiki ya kumwondoa bakteria huyo, uzazi wake unaharibika. Na kwa kuwa mbung'o hatagi mayai, bali hulea buu mmoja mmoja tumboni kwa maziwa, bakteria hupitia kwenye maziwa hayo hayo hadi kwa mtoto. Tanga wana historia ndefu ya kufuga mbung'o: madume tasa waliozalishwa huko ndio waliosaidia kuwamaliza Unguja miaka ya 1990. Ukipata mahali pa kujifunza kufuga na kupasua wadudu, nenda hata kama hakuna PCR.

PCR yenyewe isikutie hofu, utaizoea haraka. Kazi ni kulielewa jibu lake. Mwaka 2014 watafiti waliripoti DNA ya bakteria aitwaye Wolbachia katika mbu Anopheles gambiae wa Burkina Faso. Mwaka 2019 wenzao wakahoji kama kweli bakteria huyo anaishi ndani ya mbu hao, kwa sababu DNA inaweza kutoka kwenye chakula, kimelea au uchafu wa maabara. Basi jizoeze mapema: osha mdudu kwa nje, weka sampuli tupu, isiyo na mdudu, tangu hatua ya kutoa DNA, kisha mtafute bakteria kwa darubini ndani ya tishu na uone kama mama anamrithisha.

Ukimwandikia msimamizi, aya moja inatosha: mdudu gani, swali gani, na utajuaje kwamba ulichokiona si uchafu. Wasimamizi hupokea barua nyingi za shauku; zenye aya hiyo ni chache, na mimi huzijibu kwanza.